Linachemsha wapi? Swali la kwanza kabla ya fundi kugusa feni

Katika gereji nyingi, gari la safari likifika na malalamiko ya kuchemsha, matibabu huanza kabla ya uchunguzi. Rejeta inashushwa, themostati inang'olewa na kutupwa, na klachi ya feni inapelekwa kwa mchomeleaji ili feni izunguke dairekti na injini. Mwenye gari analipa, dereva anawasha na kuondoka. Msimu haujaisha, gari lile lile linarudi likiburutwa, safari hii silinda hedi imepinda.

Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu matatizo ya feni ni miongoni mwa magonjwa ya gari yanayopimika kwa urahisi zaidi. Vipimo vingi vinahitaji mikono, masikio na karatasi moja. Kompyuta inaweza kusubiri. Kinachokosekana ni mtu wa kutulia dakika chache na kumuuliza dereva: linachemsha wapi, na likiwa katika mwendo gani?

Chukua Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililoingia sokoni mwaka 1984 na ambalo leo limebeba mgongoni sehemu kubwa ya utalii wa kaskazini mwa Tanzania. Mengi ya magari hayo yana injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo, iliyoanza kutumika mwaka 1990. Karakana za Arusha hurefusha chesisi, huongeza viti, hufunga paa la kufunguka, jokofu, na magurudumu mawili ya akiba nyuma. Gari linakuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani, lakini injini inabaki ile ile ya nguvu za farasi takriban 130.

Sasa lifuate gari hilo barabarani. Kutoka Makuyuni hadi Mto wa Mbu ni lami na tambarare. Upepo unaingia wenyewe kupitia grili, na feni haina kazi kubwa. Ukishavuka Mto wa Mbu, barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu, kisha inapanda tena msituni kutoka lango la Lodoare hadi ukingo wa Ngorongoro, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hapo gari linashuka kwa njia ya Seneto hadi sakafu ya kreta, kina cha mita kama 600, linatambaa humo tangu asubuhi, linasimama kwa kila simba, na jioni linapanda kwa Lerai kwa gia nzito. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti nako mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Kwa ufupi, baada ya Mto wa Mbu gari hili linaishi kwa feni.

Ndiyo maana mahali gari linapochemshia panasema mengi. Likichemsha kwenye lami kwa kilomita 80 au 100 kwa saa, kisha likatulia ukipunguza mwendo, iache feni kwanza. Kwa mwendo huo upepo peke yake unatosha, kwa hiyo shida ipo kwenye njia ya maji: mirija ya rejeta imeziba kwa kutu na chumvi, mpira wa chini unanywea injini ikipandishwa mizunguko, pampu ya maji imechoka, au gasketi ya silinda hedi inavujisha moto kwenye maji. Likitulia vizuri barabarani lakini likapanda joto likisimama, likitambaa kwenye mchanga, au likipanda mlima taratibu huku upepo unatoka nyuma, hapo mshukiwa wa kwanza ni feni na kila kinachoihusu. Na likichemsha kote kote, anza na vitu vidogo: kiwango cha maji, kifuniko cha rejeta, mkanda.

Kifuniko hicho hudharauliwa sana. Kazi yake ni kushikilia shinikizo, kwa kawaida karibu 0.9 bar, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, maji yaliyo kwenye sufuria wazi huchemka karibu nyuzi 92. Injini nzima kabisa, yenye feni nzima kabisa, itatoa mvuke pale juu ikiwa mpira wa kifuniko umekatika, halafu fundi ataanza kuitazama feni. Kifuniko kipya ni bei ndogo. Kibadilishe kabla hujafungua kitu kingine, na usikifungue injini ikiwa ya moto, hata ukiwa na kitambaa kinene mkononi.

Dereva naye asiiamini sana sindano ya joto. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni sindano imetengenezwa itulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili mwenye gari asiwe na wasiwasi kila anapopanda kilima. Ikianza kusogea kuelekea nyekundu, tatizo limeshakuwa kubwa. Kwa magari yenye AC kuna shahidi anayewahi zaidi. Kondensa ya AC imekaa mbele ya rejeta, na zote mbili zinategemea hewa ile ile. AC ikipuliza baridi kali barabarani, halafu ikaanza kutoa hewa vuguvugu gari likisimama na baridi ikarudi mara tu gari linapoondoka, ujue hewa haivutwi ya kutosha. Dereva makini ataligundua hilo siku kadhaa kabla sindano haijasogea.

Tuingie kwenye feni yenyewe. Ya 1HZ haitumii umeme. Inaendeshwa na mkanda, na kati yake na puli ya pampu ya maji kuna klachi, lile dude la aluminiamu lenye mapezi lililoko katikati ya mabawa. Ndani yake mna mafuta ya silikoni yenye uzito wa asali. Mbele kabisa, upande unaotazama rejeta, kuna springi bapa iliyojikunja, ya metali mbili zinazotanuka tofauti zikipata joto. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi inajipinda na kufungua vali ndogo, mafuta yanaingia kati ya sahani mbili zenye mifereji, na sahani moja inaanza kuburuta nyingine. Feni inashika. Hewa ikipoa, vali inajifunga, mafuta yanarudi kwenye chumba chake, na feni inaachia, inazunguka polepole kuliko puli. Hata ikishika kabisa bado huachia kidogo, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Klachi hii inakufa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuachia moja kwa moja: mafuta yamevuja au yamechoka, feni inazunguka kwa uvivu hata rejeta ikiwa inaunguza. Ya pili ni kukamata moja kwa moja, na hiyo haichemshi gari, ila inakula dizeli na kupiga kelele kila unapoongeza mafuta.

Kuipima, injini ikiwa imelala usiku kucha na bado haijawashwa, fungua boneti, shika bawa na uzungushe. Inatakiwa ikupe ukinzani wa kadiri, izunguke sehemu ya mzunguko na kusimama. Ikizunguka mara kadhaa kana kwamba hakuna kitu ndani, mafuta yamekwisha. Isipozunguka kabisa, imekamata. Kisha shika ncha ya bawa na uisukume mbele na nyuma. Ikicheza kama nusu sentimita au zaidi, beringi imekwisha, na hapo usikimbilie kulaumu klachi, kwa sababu mara nyingi inayocheza ni beringi ya pampu ya maji iliyo nyuma yake. Chini ya pampu kuna tundu dogo la kutolea maji. Likiwa na alama ya chumvi au rangi ya kulanti, jibu umeshalipata.

Halafu washa injini ikiwa bado baridi na usikilize. Feni nzima huvuma kwa nguvu muda mfupi wa mwanzo, kwa kuwa mafuta yalikuwa yamejikusanya kwenye sahani usiku, kisha inatulia. Ipashe joto kikamilifu. Ikifikia joto la kazi huku gari limesimama juani, unapaswa kusikia mvumo ukirudi, kama injini imepandishwa mizunguko ilhali hujaigusa. Mvumo huo usipokuja kabisa na sindano inapanda, klachi haishiki. Zima injini na, kwa uangalifu, zungusha bawa tena kwa mkono. Klachi ya moto inatakiwa iwe ngumu kuliko ilivyokuwa asubuhi. Ikiwa laini kuliko asubuhi, imekufa.

Karatasi ndiyo kipimo ninachokipenda zaidi, kwa sababu hata abiria anaweza kukifanya. Injini ikiwa ya moto na inasinzia, weka karatasi ya daftari mbele ya grili. Feni inayofanya kazi itaivuta na kuibandika. Ihamishe katikati, kisha kona zote nne. Ikibandika katikati na kuanguka kwenye kona, kuna sehemu ya rejeta isiyopitisha hewa. Isipobandika popote, hewa haivutwi kabisa. Ikisukumwa kukujia usoni, feni inazunguka kinyume, na hilo nitalifikia.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi hurithishana: kukunja gazeti na kulisukuma kwenye mabawa injini ikiwa inafanya kazi, kuona kama feni itasimama. Ninaomba kiachwe. Bawa la plastiki lililozeeka kwa joto linaweza kupasuka, na kipande chake hakichagui pa kwenda. Vipimo vya mkono nilivyoeleza vinatoa jibu lile lile injini ikiwa imezimwa.

Sasa nije kwenye jambo linalowapoteza hata mafundi wazuri. Klachi inaamshwa na hewa ya moto inayopita katikati ya rejeta na kuigonga ile springi. Rejeta ikiziba katikati kwa nje, hewa ya moto haifiki. Injini inachemka, springi iko kwenye hewa isiyotosha joto, na klachi inabaki imelala kwa sababu haijapata taarifa. Fundi anaizungusha, anaikuta laini, anasema imekufa. Inanunuliwa mpya, nayo inalala vile vile. Springi yenyewe ikifunikwa na tope lililokauka huwa na tabia hiyo hiyo.

Na rejeta za magari ya safari huziba kweli. Anayetaka kujua aingize tochi kati ya kondensa na rejeta, ile nafasi ya upana wa vidole viwili ambayo mbele haionekani wala nyuma haionekani. Mbele kondensa inaweza kuwa safi, imeoshwa jana. Ndani humo utakuta zulia la mbegu za nyasi, zile zenye ncha na mkia, zimelala upande mmoja, zimeshikana na vumbi laini na mabawa ya wadudu, na juu yake tope jeusi la mbuga lililoganda na kupasuka vipande. Ukilivua kwa kidole linatoka kwa kipande kizima. Hewa haina pa kupita. Gari lililotoka kwenye nyasi ndefu baada ya mvua za masika linaweza kubeba zulia hilo ndani ya safari chache, na mashine ya kuoshea kwa presha kutoka mbele hulikandamiza zaidi. Pia inapinda mapezi ya rejeta, ambayo ni laini kama ya bati la kopo.

Dawa yake ni kufungua bolti za kondensa na kuisogeza mbele bila kukata mabomba ya gesi, kuvua uchafu kwa mkono na brashi laini, kisha kuosha kwa maji ya presha ya kawaida kutoka upande wa injini kuelekea nje. Kazi ya asubuhi moja. Wavu mwembamba mbele ya grili husaidia wakati wa nyasi, mradi dereva ausafishe kila jioni, maana wavu uliojaa mbegu nao ni kizibo.

Kitu kingine ambacho hupotea gereji ni kava ya feni, lile boksi la plastiki linalozunguka mabawa. Linavunjika, au linatolewa ili kufikia pampu, na halirudi. Watu wanaliona kuwa kinga ya vidole tu. Kumbe bila kava, feni inavuta hewa kutoka popote ilipo karibu, na hewa iliyo karibu zaidi ni ile ya moto inayozunguka ndani ya boneti. Sehemu kubwa ya rejeta iliyo nje ya duara la mabawa inabaki bila mvuto wowote. Mabawa yanatakiwa yakae kiasi cha nusu ndani ya kava na nusu nje, yakiwa karibu na ukingo wake bila kuugusa. Nimeona gari likinunuliwa rejeta mpya wakati lililokuwa linakosa ni plastiki hiyo.

Mkanda hauhitaji maneno mengi. Ukilegea au pande zake zikang'aa kama kioo unateleza, hasa injini ikiwa na mzigo, na pampu ya maji inateleza pamoja na feni. Mlio wa kukwaruza unapowasha asubuhi ni dalili. Kwa injini zinazotumia mikanda miwili pamoja, ibadilishwe yote miwili, kwani mpya utabeba mzigo wa mzee. Na feni ikiwa imefunguliwa karibuni, hakikisha haikurudishwa nyuma mbele. Feni ya mabawa iliyogeuzwa bado inapuliza upande ule ule, kwa hiyo jicho halioni kosa, lakini nguvu yake inapungua sana. Kwa wenye Land Rover: katika baadhi ya injini zake za dizeli nati kubwa ya feni ina nyuzi za kinyume. Anayelazimisha kuifungua kama nati ya kawaida anaikaza, na mwisho anavunja shafti ya pampu.

Nirudi kwa mchomeleaji. Kuifunga klachi dairekti, kwa moto au kwa bolti mbili zilizotobolewa, kunaleta nafuu siku hiyo hiyo, na ndiyo sababu tabia hii haifi. Lakini nguvu inayohitajika kuzungusha feni hupanda kwa mchemraba wa kasi yake: ukiongeza kasi mara mbili, feni inadai nguvu mara nane. Nguvu hiyo yote inatolewa kwenye injini ya farasi 130 inayovuta gari lililojaa watu. Dizeli inaongezeka. Beringi ya pampu inabeba mtikisiko ambao klachi ilikuwa inaumeza. Mabawa yaliyotengenezwa kuachiwa kwenye mizunguko mikubwa yanalazimishwa kuifikia, na yakichoka yanapasuka kuelekea kwenye rejeta au boneti. Kibaya zaidi, mchomelewo unaficha ugonjwa wa asili. Rejeta iliyoziba nusu inabaki imeziba nusu, na hakuna anayejua mpaka siku ya jua kali kwenye njia ya Ziwa Natron.

Porini kabisa, gari likiwa haliendi na usiku unaingia, kuifunga klachi kwa bolti ili mfike kambini ninakukubali. Fundi aliyebuni njia hiyo aliokoa watu wengi. Lakini ni bendeji ya njiani, na ikifika mjini inatolewa. Klachi nyingi za Toyota zinafunguka kwa skrubu, zinasafishwa na kujazwa upya mafuta halisi ya silikoni, ambayo Toyota huyauza katika vitubu vidogo vya mililita 18 vyenye uzito tofauti. Mafuta ya injini hayafai hapo. Yanakuwa mepesi yakipata joto, wakati ambapo klachi inahitaji ushikaji zaidi, kisha yanavuja.

Kuhusu themostati, vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaonya: hata injini ikiwa na tabia ya kuchemsha, usiitoe. Katika injini nyingi, themostati ikifunguka inafungua njia ya rejeta huku inafunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Unakuwa umepunguza upoaji kwa nia ya kuuongeza. Asubuhi za baridi za Ngorongoro nazo injini inachelewa kupata joto lake na inachakaa haraka. Themostati inapimwa kwa sufuria ya maji na kipimajoto. Ikifunguka kwa nyuzi zilizoandikwa juu yake, irudishwe.

Magari yenye feni za umeme, kama RAV4, X-Trail na mengi madogo yanayopelekwa porini siku hizi, yana hadithi yake. Hapo kipimo cha kwanza ni kuwasha AC. Feni inatakiwa izunguke mara moja au muda mfupi baadaye. Ikizunguka kwa AC lakini isizunguke gari linapopata joto, mota ni nzima, shida iko kwenye sensa ya joto, waya wake, au kuna hewa ndani ya maji na sensa haigusi maji. Katika magari mengi yenye kompyuta, ukichomoa plagi ya sensa ya joto injini ikiwa inafanya kazi, kompyuta inaamuru feni izunguke kwa usalama. Ikizunguka hapo, relei na mota ni vizima. Isipozunguka kwa lolote, nenda kwenye fyuzi, kisha relei, kisha plagi ya mota yenyewe. Plagi iliyobadilika rangi kuwa kahawia au kuyeyuka ukingo inaeleza kila kitu. Toa plagi, ipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka kwa nguvu, rudi kwenye waya. Ikizunguka baada tu ya kugongwa na mpini wa bisibisi, brashi zake za kaboni zimekwisha, na itakuachia siku yoyote.

Hapa kuna mtego ambao fundi umeme mchanga huingia. Anaweka mita kwenye plagi iliyochomolewa, anasoma volti 12, anasema umeme upo. Waya uliooza kwa ndani na kubaki na uzi mmoja utaonyesha volti 12 vizuri kabisa, kwa kuwa mita haivuti mzigo. Upe waya huo mzigo wa mota, na volti zinaporomoka. Ipime mota ikiwa imeunganishwa na inazunguka, au tumia balbu ya taa kubwa badala ya mita. Pima na upande wa ardhi, yaani waya unaorudi kwenye bodi, kwa sababu kutu ya ardhi huua feni nyingi zinazodhaniwa zimekufa mota. Nyaya zikirudishwa kinyume, feni inazunguka kinyume na kupambana na upepo wa barabarani. Hiyo ndiyo karatasi inayorudi usoni. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi wala waya wa shaba. Mota inayokwama inavuta umeme mwingi, na fyuzi ndiyo inayozuia moto. Tena weka mikono mbali: feni za umeme zinaweza kuwaka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Neno kwa wanaovuka mito. Feni ya mkanda ikiingia majini ikiwa imeshika, mabawa yanajikunja mbele kama kasia na kuikata rejeta. Funga turubai mbele ya grili, ingia polepole, na kama maji yanafika kwenye feni usipandishe mizunguko. Gari lililochomelewa klachi haliwezi kuachia hata kidogo, kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Feni ya umeme izimwe kabla ya kuingia.

Na likichemka njiani, mkanda ukiwa mzima na maji yapo, zima AC, washa hita yote, elekeza pua ya gari kwenye upepo, na iache injini izunguke kwa takriban mizunguko 1,500 kwa dakika badala ya kuizima ghafla. Kwenye mlima punguza gia mapema. Feni ya mkanda na pampu hufuata mizunguko ya injini, na dereva anayeng'ang'ania gia kubwa huku injini inalalamika anazinyima zote mbili kasi. Sindano ikishuka baada ya kupunguza gia, mwambie fundi, maana taarifa hiyo ina thamani kubwa. Lakini mkanda ukiwa umekatika au maji yamemwagika, zima mara moja.

Wamiliki wa kampuni za utalii, msimu wa Juni hadi Oktoba haumsubiri mtu. Kabla haujaanza, mpeni fundi siku nzima kwa kila gari: kondensa isogezwe na uchafu uvuliwe, kava irudishwe, kifuniko na mikanda ibadilishwe, klachi ipimwe ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Yaliyochomelewa yafungiwe klachi nzima, na themostati zilizotupwa zinunuliwe upya. Na dereva akija kusema gari linachemsha, asipewe lawama wala haraka. Aulizwe ni wapi, akiwa katika gia gani, na upepo ulikuwa unatoka upande upi, kisha majibu yake yaandikwe kwenye kadi ya kazi kabla spana haijashikwa.